Nozeli ya Tatu

Waliiba hata viatu vya marehemu.

Inspekta Waisiko alisimama mbele ya gari hilo kwenye uwanja wa kituo cha Nyamwaga, akalitazama kwa kinyaa ambacho hakujisumbua kukificha. Viti havikuwepo. Redio haikuwepo. Taa za mbele zilikuwa zimeng'olewa kwa ustadi, bila kuvunja kioo hata kimoja, na mkanda wa dereva ulikuwa umekatwa kwa panga katikati. Nusu moja imechukuliwa, nusu iliyobaki ina damu iliyokauka. Kisyeri, kijana wa Nyakunguru aliyekuwa akipeleka dhahabu ya wachimbaji Sirari, alifia ndani ya gari hili lilipopinduka mlimani, kwenye migomba ya watu. Kabla mwili haujapoa majirani walikuwa wamekwisha kufika na magunia.

"Injini wameiacha," alisema Koplo Oduol.

"Wameiacha kwa uzito wake. Usidhani waliona aibu."

Dhahabu yenyewe haikuonekana, na aliyeichukua hakuna aliyemwona. Waisiko alikuwa amehoji kila nyumba iliyo karibu na ule mlima. Kila mtu alisikia kishindo, kila mtu alikimbia kwenda kusaidia, na kila mtu alikuta wenzake wameshatangulia. Mzee mmoja alimweleza hayo kwa huzuni nyingi huku ameketi kwenye kiti cha gari.

Nje ya geti umati ulikuwa umekaa tangu asubuhi, fimbo mikononi. Mbele yao alikuwa Nashoni, kaka wa Kisyeri, tumbo moja na marehemu, macho mekundu na sauti imekauka kwa kelele. Walimtaka Ouma, fundi magari wa hapo Nyamwaga, aliyekuwa ndani mahabusu. Ouma ndiye aliyeifungua injini mara ya mwisho, na injini ndiyo iliyopasuka mlimani ikamuua Kisyeri. Kwao kesi ilikuwa imekwisha. Agizo kutoka Tarime nalo lilikuwa fupi: kabla ya jioni fundi apelekwe mjini kushtakiwa kwa mauaji, au aachiwe. Akishtakiwa, angeozea rumande. Akiachiwa, asingefika hata kwenye gereji yake. Mkewe, Akello, alikuwa amekwisha kuvusha watoto mpaka kwenda kwa dada yake Kenya.

"Fungua tuone," Waisiko alisema.

Oduol, ambaye kabla ya upelelezi alitengeneza magari ya polisi, alikuwa amekwisha kulegeza kichwa cha injini. Wakakinyanyua pamoja. Pistoni tatu kati ya nne zilikuwa nzima. Ya tatu kutoka mbele ilikuwa na tundu la kupita kidole gumba, na kingo za tundu hilo zilikuwa zimeyeyuka kama mshumaa.

"Hii imekufa kwa joto," Oduol alisema. "Ilipotoboka, injini ikakaba, matairi ya nyuma yakagoma. Kwenye vumbi lile, kwa mwendo ule, alikuwa hana la kufanya."

"Kwa nini iungue moja tu?"

"Labda mafuta ya chupa, afande. Huku wanachanganya petroli na mafuta ya taa."

"Mafuta mabaya yangekwenda kwenye silinda zote nne."

Oduol alikubali kwa kichwa. Akachomoa reli, lile bomba la alumini linalogawa petroli, likiwa na nozeli zake zote nne. Karibu na nozeli ya tatu palikuwa na mikwaruzo, na juu ya mikwaruzo hiyo kulikuwa na kitu cheupe.

"Ndege wamenyea hapa," alisema, akapafuta kwa tambara. Kisha akaipeleka reli stoo na kufunga mlango, maana hata ndani ya kituo cha polisi Waisiko hakutaka kuwajaribu watu.

Ouma aliletwa chumba cha mahojiano ananuka mahabusu na grisi. Alikuwa mtu mrefu, na alipokaa magoti yake yaligonga meza.

"Kisyeri alikuja kwako anataka nini?"

"Nguvu, afande. Alitoa tabo kubwa Kenya, akasema nimfungie. Anataka hiyo gari ipande ule mlima kama ndege, wale wa kuvizia watu wa dhahabu wasimpate."

"Ukamfungia."

"Kwanza nilikataa. Tabo ni kama feni, inasukuma upepo kwenye injini; kubwa inaleta upepo mwingi. Sasa upepo ukiwa mwingi na petroli ni ile ile ya zamani, injini inashikwa na njaa. Inawaka moto kali sana, inayeyusha pistoni. Nikamwambia, omera, ndugu yangu, ukitaka tabo hii lazima tubadilishe nozeli."

"Nieleze kama mtu asiyejua."

"Ni kadude ka kunyunyizia petroli. Kila silinda iko na yake. Hiyo gari iko na nne."

"Sasa ukachagua kubwa."

Kwa mara ya kwanza Ouma alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Hapo ndipo tuligombana. Yeye alitaka zile kubwa kabisa, za kumwaga lita nzima kwa dakika. Eti vijana wa Nairobi wanazo. Hawa watu wa dhahabu, afande, kila kitu wanataka kile kikubwa. Akipata gramu mbili anataka kuoa wawili. Nikamwambia hizo ni za mashindano. Ukiweka hapa gari itakunywa kama ng'ombe, itoe moshi mweusi, petroli iteremke kwenye oili, oili iwe maji, na injini ikufe vile vile. Nozeli unachagua kwa hesabu. Nguvu unayotaka, unaongeza akiba kidogo, basi. Nikamchagulia za mililita mia sita na hamsini kwa dakika. Zile za zamani zilikuwa mia tatu na themanini tu."

"Kisha?"

"Tukapeleka gari Migori, kuna kijana anapanga kompyuta ya gari ijue iko na nozeli kubwa. Gari ikatembea vizuri. Kisyeri alifurahi mpaka akanipikia kuku."

"Ulizinunua wapi?"

"Sirari."

"Zilikuwa bandia?"

"Hapana."

"Zingekuwa bandia ungeniambia?"

Ouma alifikiri. "Nisingekuambia," alisema. "Lakini nilipima zote. Zilikuwa sawa sawa, zote kofia nyekundu."

Waisiko aliandika. Alikuwa amesikia uongo mwingi wiki ile, uongo wa watu wazima wenye wajukuu, na jibu hilo lilikuwa la kwanza kutomtia kichefuchefu.

"Za zamani uliuza?"

"Nani auze! Nilimrudishia mwenyewe, kwenye kopo la maziwa. Huku usipomrudishia mtu spea yake ya zamani anasema hujabadilisha kitu, umekula tu hela yake. Hata plagi iliyokufa anaitaka. Anaenda kuiweka chini ya kitanda."

"Wakati unamchagulia, nani alikuwepo?"

"Gereji ilijaa. Watu wanapenda kuangalia gari ya mwenzao ikifunguliwa. Kila mtu anatoa ushauri. Mmoja akauliza, na zikiwa ndogo itakuwaje? Nikawaonyesha pistoni iliyotoboka, ninayo pale ukutani."

Waisiko alisimama. "Oduol, tafuta chupa nne za maji zinazolingana. Na pampu ya petroli ya gari lile."

Walifanyia kazi hiyo stoo, mlango wazi kwa sababu ya harufu. Oduol aliifunga reli juu ya benchi, akaunga pampu kwenye betri, akaitumbukiza kwenye ndoo ya petroli, na chini ya kila nozeli akaweka chupa. Ouma aliambiwa akae pembeni asiguse kitu. Kisha Oduol aliunganisha waya, na nozeli zote zikaanza kunyunyiza kwa pamoja.

Haikuhitaji shule. Chupa ya kwanza, ya pili na ya nne zilijaa pamoja, petroli ikipanda kwa mstari mmoja. Ya tatu ilibaki nyuma tangu mwanzo. Oduol alipochomoa waya, ilikuwa imepita nusu ya wenzake kidogo tu.

Ouma alishika kichwa. "Hiyo si yangu," alisema. "Hiyo si yangu, wallahi."

"Wewe Mluo umeanza lini kuapa wallahi?" Oduol alimuuliza. "Inaweza kuwa imeziba taka."

"Itoe," Waisiko alisema.

Aliigeuza nozeli kiganjani. Kofia nyekundu kama wenzake, ila wekundu wake uling'aa kupita kiasi. Akakwangua kwa ukucha. Rangi ikatoka kipande kizima, na chini yake kofia ilikuwa ya kahawia.

"Rangi ya kucha," alisema. "Mtu amechukua nozeli ndogo ya zamani, akaipaka rangi ya mke wake, akaipachika hapa. Silinda tatu zikale zishibe, moja ife njaa."

"Akiendesha polepole asingejua," Ouma alisema. "Gari ingetetemeka kidogo tu, angesema ni mafuta mabaya. Mpaka akanyage mpaka mwisho. Na yeye alikuwa anakanyaga mpaka mwisho pahali pamoja tu, pale mlimani."

Kwa hiyo aliyefanya hivyo alijua ni wapi pa kusubiri. Waisiko aliinama kuirudisha nozeli kwenye reli, na hapo mkono wake ukasimama hewani. Kile cheupe kilikuwa kimerudi. Kilikuwa kimesimama juu ya mikwaruzo kama nywele za mzee, laini, na alipokipuliza kilianguka kikawa majivu.

"Oduol. Hapa hukupafuta?"

"Nilipafuta, afande. Uliniona."

"Ndege gani anakunya ndani ya stoo iliyofungwa?"

Oduol aliinama kukitazama tena. Waisiko alikuwa na jibu, na alilichukia. Utotoni kwao Itiryo, mjomba wake aliporudi kutoka machimbo alikamulia dhahabu yake, iliyochanganywa na zebaki, kwenye sufuria la alumini la dada yake. Zebaki ikigusa alumini iliyokwaruzwa inaiingia kama ugonjwa. Alumini inaota nywele nyeupe, ukifuta zinaota tena. Asubuhi sufuria lilikuwa limeota. Mjomba alilisugua kwa majani, akalirudisha jikoni, wakalipikia uji. Mpaka leo Waisiko hanywi uji.

"Ouma, nionyeshe mikono. Umewahi kukamua dhahabu?"

"Mimi? Hata hiyo zebaki sijui inanukaje."

"Hainuki. Ndiyo ubaya wake." Aliifunika reli kwa gazeti. "Aliyeingiza bisibisi hapa kung'oa nozeli alikuwa na zebaki mikononi kama wewe ulivyo na grisi. Sasa kumbuka vizuri. Pale gereji, nani aliuliza zikiwa ndogo itakuwaje?"

Ouma aligeuza uso kuelekea mlangoni. Kutoka getini kelele zilisikika wazi, jina lake likitajwa pamoja na la petroli.

"Nikisema," alisema, "watasema namsingizia kwa sababu ndiye anataka kunichoma."

Waisiko hakumlazimisha aseme. Alichukua reli na nozeli, akatoka hadi getini, na akampa mkono Nashoni.

"Nataka kwenda kumpa pole mama yako," alimwambia. "Tena nataka wewe unipeleke."

"Na fundi?"

"Leo leo utajua habari ya fundi."

Nashoni alipanda gari la polisi mbele kama mgeni wa heshima. Umati ukafuata kwa pikipiki, pamoja na baadhi ya watu wa pale mlimani ambao hawakutaka kupitwa na jambo.

Boma la kina Kisyeri lilikuwa ukingoni mwa Nyakunguru, kati ya mahindi na marundo ya mchanga uliooshwa. Uani kulikuwa na karai la plastiki lenye matope ya kijivu, na kuku walikuwa wakinywa humo. Kando yake, juu ya jiwe moja, kulikuwa na kikaango cha kuchomea dhahabu na sahani yenye mabaki ya ugali, vimegusana. Waisiko aligeuza uso. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi hii na hakuna iliyomchafua moyo kama hicho kikaango na hiyo sahani.

Mama yao, Mokami, alitoka ndani amejifunga kanga ya msiba.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Mmeleta nini?"

"Nimekuja kuomba kitu. Kisyeri alirudi na kopo la maziwa kutoka kwa fundi."

"Liko chini ya kitanda chake. Sijagusa kitu chake." Aliingia, akarudi nalo. Waisiko alilimwaga kwenye mkeka. Zilitoka nozeli tatu, kofia za kahawia.

"Fundi alirudisha nne," Waisiko alisema.

"Fundi ni mwongo!" Nashoni alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, na umati ukaitikia.

Waisiko akaweka ya nne kando ya zile tatu, ile iliyobanduka rangi. Mwenye macho aliona zimetoka tumbo moja. "Hii nimeitoa kwenye injini leo. Haikutoka gereji. Ilitoka chini ya kitanda hicho."

"Nyumba hii haina kufuli," Nashoni alisema. "Mtu yeyote angeingia."

"Kweli. Nipe kitambaa chako."

"Kitambaa gani?"

"Cha kukamulia. Mfanyakazi wa plenti ya kusafishia dhahabu kama wewe hatembei bila kitambaa chake. Kipo mfuko wa nyuma, nimekiona tangu getini."

Nashoni alitazama watu, akaona wote wanamtazama yeye, akakitoa. Kilikuwa kipande cha shati, kimekakamaa kwa uchafu, chenye vitone vinavyong'aa kwenye mikunjo. Kwa kitambaa hicho hicho alifuta jasho la uso wake pale getini, mara kadhaa, Waisiko akimwona. Sasa Waisiko alikishika kwa ncha za vidole. Akamwomba Mokami kifuniko cha sufuria, akakikwaruza kwa ufunguo, akakikamua kitambaa juu ya mikwaruzo na kusugua. Kisha akakiweka kifuniko juani, akaiweka na reli pembeni yake, akaondoa gazeti.

"Tusubiri," alisema.

Walisubiri. Mtu mmoja nyuma alianza kutania kwamba polisi siku hizi wanaroga, akanyamazishwa. Kwanza mikwaruzo ilibadilika rangi. Kisha, taratibu, mbele ya macho yao, nywele nyeupe zikaanza kusimama juu ya kifuniko, sawasawa na zilizokuwa juu ya reli. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nyakunguru nzima inajua kwa nini zebaki haiwekwi kwenye sufuria.

"Ouma hakamui dhahabu," Waisiko alisema. "Ni wewe uliyemuuliza zikiwa ndogo itakuwaje. Na ulisubiri mlimani."

"Mura, kijana wangu," mzee mmoja alimwambia Nashoni, "sema basi kwamba si kweli."

Nashoni alizungusha macho akitafuta mtu wa kumshika mkono. Alipokosa, hasira yake iliwageukia wao. "Mnanitazama nini? Ninyi wa mlimani, mnanitazama nini? Si mliniona! Wewe si ulikuwa unang'oa taa? Wewe si ulimvua viatu? Mbona hamkusema?"

Umati ulipungua kwa nyuma, kimyakimya. Mmoja wa walioulizwa, Waisiko aliona, alisogeza miguu yake chini ya majani ya maboga. Viatu vizuri, vimembana kidogo. Walikuwa wameshinda getini wakitaka damu ya Ouma na huku wanajua. Walikaa kimya ili wasirudishe viti.

"Oduol, piga kituoni. Ouma afunguliwe. Askari wawili wamsindikize mpaka Sirari, avuke kwa mkewe. Halafu andika majina ya hawa, wote, kabla hawajaisha."

"Nilitaka lisimame tu," Nashoni alikuwa akisema wakati anafungwa pingu. "Lisimame tu, nichukue, niondoke. Dhahabu ya watu ile, naikamua mimi kila siku, haibaki kitu mikononi mwangu. Sikutaka apinduke."

Mokami hakuwa amelia. Alisogea mpaka mbele ya mwanawe aliyebaki, akamuuliza kwa Kikurya, kwa sauti ya chini kama anauliza habari za ng'ombe, iwapo mwenzake alikuwa amekwisha kufa alipomfikia.

Nashoni aliinamia pingu zake.

"Alikuwa mzima," mama alisema. "Alisema nini?"

"Mama, acha."

"Nimemzaa mimi. Alisema nini?"

Nashoni alitazama kifuniko cha sufuria pale juani.

"Alisema, 'Afadhali umekuja, kaka,'" alijibu. "Mfuko wa dhahabu ulikuwa shingoni. Akanyanyua kichwa mwenyewe, nikavua kamba."